Kadenge Senti Hamsini, Bayi Shilingi Moja

Mwezi Aprili 1978, mtu aliyefika dirishani posta jijini Dar es Salaam akaomba stempu ya senti hamsini aliweza kukabidhiwa sura ya Mkenya. Jina liliandikwa wazi: Joe Kadenge. Kwenye karatasi hiyo hiyo, jina la nchi lilikuwa Tanzania. Wakati huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya mwaka mzima, ndege za shirika moja la Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa ugomvi, na magazeti ya pande mbili yalikuwa yakirushiana maneno. Nairobi nako, aliyetaka stempu ya shilingi moja alipewa Mohamed Chuma, Mtanzania. Kampala walikuwepo hao hao, pamoja na Omari Kidevu wa Zanzibar kwa shilingi mbili na Polly Ouma wa Uganda kwa shilingi tatu. Sura nne na nchi tatu zikazaa stempu kumi na mbili, zote kwa ajili ya Kombe la Dunia la Argentina, ambako hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekwenda kucheza.

Kwingineko duniani, watu wanaokusanya kadi za wanamichezo wana ugonjwa wao maalumu: kuitafuta kadi ile ile katika lugha nyingine. Kampuni ya O-Pee-Chee, katika mji wa London jimboni Ontario, Kanada, ilichukua kadi za besiboli za Topps za Marekani na tangu 1970 ikazichapa zikiwa na Kiingereza na Kifaransa mgongoni. Venezuela ilikuwa na zake tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Edito-Service ya Geneva ilitoa mfululizo mkubwa wa kadi za Sportscaster kwa lugha kadhaa za Ulaya, picha ile ile na maelezo tofauti. Panini ya Modena iligeuza albamu ya Kombe la Dunia kuwa biashara ya mataifa kuanzia Mexico 1970. Mkusanyaji wa aina hiyo picha anayo tayari. Anachokiwinda ni ile tofauti ndogo ya maandishi inayomwambia karatasi ilichapwa kwa ajili ya nani, na nani aliamua.

Dar es Salaam haikuwa na kiwanda cha kadi za wachezaji. Ilikuwa na posta. Na kwa miaka miwili hivi, kuanzia 1976 hadi 1978, posta za Afrika Mashariki zilitoa kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinazizidi kadi zote nilizozitaja hapo juu: wanamichezo wale wale, michoro ile ile, bei zile zile, majina matatu ya nchi, huku nchi zenyewe zikigombana. Lugha ilibaki Kiingereza kwenye zote; kilichobadilika ni jina la aliyekuuzia. Mwenye kuzipanga zile stempu mezani kwa tarehe anaitazama Jumuiya ya Afrika Mashariki ikifa.

Mchezo huu wa kuchapa neno jipya juu ya karatasi ya mtu mwingine ni wa zamani sana mjini hapa. Mwaka 1893 Wajerumani walizichukua stempu za kwao na kuzipiga chapa ya thamani kwa pesa, kwa sababu fedha iliyotembea pwani ilikuwa rupia na pesa. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na mwaka uliofuata stempu zao za Afrika Mashariki na Uganda zikapigwa herufi G.E.A. ili zitumike katika koloni walilolinyang'anya. Ni vita ile ile iliyoweka kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, pale ambapo leo watu wanasukumana kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, na ikaiachia Kariakoo jina lake. Zanzibar nayo ina yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zenye picha ya Sultani zilipigwa mhuri wa mkono wenye maneno JAMHURI 1964, kabla ya chapa safi ya mtambo kufika. Wakusanyaji wanaupenda ule wa mkono kwa sababu umepinda, umefifia, mahali pengine umepigwa juu chini. Mtu alikuwa na haraka.

Baina ya vita na uhuru kulikuwa na muda mrefu wa utulivu wa kiposta. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na kuanzia 1935 stempu moja ikabeba majina matatu. Walioichora walikuwa waangalifu kama wazee wa ukoo wanaogawa nyama: jina linalotangulia kwenye stempu hii linakuja la pili au la tatu kwenye ile, ili pasiwe na nchi ya kulalamika. Stempu ya namna hiyo haikwambii barua ilitoka wapi. Kinachosema ni mhuri. Picha moja ya mfalme mmoja inaweza kuwa imegongwa Kisumu, Mbale, Lindi au Dar es Salaam, na mkusanyaji wa zamani alijifunza kusoma mhuri kabla ya kuitazama picha.

Uhuru ulileta majina mapya lakini mkoba ulibaki mmoja. Mwaka 1964, kwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, zilitoka stempu zilizoandikwa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, wakati huko Zanzibar kwenyewe hazikutumika: Visiwa viliendelea na stempu zao mpaka mwanzoni mwa 1968. Halafu jina la Tanzania likaingia na kukaa kwenye foleni pamoja na mengine mawili. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 uligawa makao makuu ya mashirika ili kila mji upate chake. Arusha ilipata sekretarieti, Nairobi ikapata reli na ndege, bandari zikaja Dar es Salaam. Posta na simu zikapelekwa Kampala.

Hapo ndipo mambo yalipokuja kuwa magumu. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Wakuu watatu wa nchi, ambao ndio waliokuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya, hawakukutana tena. Jumuiya iliendeshwa na mawaziri, maofisa na mazoea. Mazoea yana nguvu: stempu ziliendelea kutoka kwa zamu, Olimpiki ya Munich, wanyama, sikukuu, kana kwamba nyumbani hakuna neno.

Mwaka 1976 jina likakatwa vipande vitatu. Badala ya stempu moja yenye Kenya, Uganda na Tanzania, ulitengenezwa mchoro mmoja na kuchapwa mara tatu, kila mara na nchi moja. Watu wengi hawakulitilia maanani. Stempu ni ya kulambwa na kubandikwa. Lakini kwa mkusanyaji huu ulikuwa mlango mpya kabisa, na kati ya seti za mwanzo kupita hapo ilikuwemo ya wanamichezo.

Seti hiyo ilitoka tarehe 5 Julai 1976 kwa ajili ya Olimpiki ya Montreal. Senti hamsini alipewa John Akii-Bua wa Uganda, mruka viunzi. Shilingi moja ilikuwa ya Filbert Bayi. Shilingi mbili ni Steve Muchoki, bondia wa Kenya. Ya shilingi tatu ilionyesha mwenge wa Olimpiki na bendera za nchi hizi. Ukiwa Dar es Salaam na barua ya bei ya chini, ulimbandika Mganda. Ukiwa Kampala na shilingi moja mkononi, ulimbandika Mtanzania.

Waliochaguliwa hawakubahatisha. Akii-Bua, askari polisi, alikuwa ameipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich tarehe 2 Septemba 1972, mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akikimbia katika njia ya ndani kabisa ambayo wakimbiaji wa mbio hizo wanaikwepa. Muchoki, mtu mdogo wa uzito mwepesi, alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola tangu Christchurch 1974, na miaka miwili baada ya stempu yake angekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade.

Naye Bayi, kijana wa Karatu aliyekuja Dar es Salaam na ambaye mwenyewe husimulia jinsi alivyokuwa akikimbizana na mabasi ya mjini kama mazoezi, alikuwa ameushtua ulimwengu kwenye michezo ile ile ya Christchurch. Tarehe 2 Februari 1974 aliongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola, jambo ambalo wataalamu waliliona ni la mtu asiyejua mbio, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake, hatua chache tu, alikuwa John Walker wa New Zealand, naye pia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, Kingston nchini Jamaika, Bayi alichukua na rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Haikukaa miezi mitatu: Walker aliishusha mjini Göteborg hadi 3:49.4, wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Basi dunia nzima ya riadha ilikuwa ikiisubiri Montreal. Bayi na Walker, uwanja mmoja, siku moja.

Haikuwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, katika majira yale yale ambayo watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi, tarehe 16 Juni 1976. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kusema haiendi, na kwa siku chache zaidi ya nchi ishirini ziliondoka, baadhi zikiwa na wachezaji waliokwisha kufika kijijini Montreal. Kenya ikaondoka. Uganda ya Amin nayo, ambayo haikupatana na Dar es Salaam kwa lolote, katika hili ilikuwa upande mmoja na Nyerere. Michezo ilifunguliwa tarehe 17 Julai. Walker alishinda mita 1500 kwa mwendo wa pole usiofanana na Christchurch. Edwin Moses wa Marekani alishinda viunzi na kuivunja rekodi ya Akii-Bua.

Kwa hiyo seti ya Montreal ina wanamichezo watatu katika mashindano ambayo hawakuyacheza, na nchi tatu zilizoitoa hazikuwepo. Siku kumi na mbili tu zilipita baina ya stempu kuuzwa na uwanja kufunguliwa bila wao. Hakuna aliyezirudisha. Ziliendelea kuuzwa madirishani, zikabandikwa kwenye bahasha za ankara na za maombi ya kazi, na Bayi akasafirishwa kwenda kila mahali isipokuwa pale alipopangiwa. Aliyekusanya kadi ya Marekani ya mchezaji aliyeumia msimu mzima atajiona ana kisa. Hapa kuna mataifa matatu yaliyochapa kisa hicho kwa kauli moja.

Mwaka 1977 ndio wa matanga. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama mwanzoni mwa mwaka, na tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Kufikia tarehe 30 Juni bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na hapo kila kitu kikawa cha kugombania: vichwa vya treni, meli za ziwani, samani za ofisi, pensheni za wafanyakazi. Mgawanyo wake uliandikwa rasmi miaka saba baadaye, Arusha, Mei 1984.

Stempu hazikupata habari. Miezi miwili baada ya mpaka kufungwa ilitoka seti ya miaka 25 ya Safari Rally, magari yakivuka mto na kupita karibu na tembo, na ikatolewa pia kwa jina la Tanzania, wakati dereva wa Nairobi asingeweza kuvuka Namanga hata kwa baiskeli. Katikati ya mwaka ikafuata seti ya miaka mia ya Kanisa la Uganda, ikiwa na picha za Kanisa Kuu la Namirembe. Februari ya mwaka ule ule Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa na utawala wa Amin. Nazitaja hizi, ingawa si za michezo, kwa sababu ndizo zinazoeleza ile ya Kombe la Dunia iliyofuata. Michoro ilikuwa na njia yake kutoka kwa mchoraji hadi mtamboni, na njia hiyo haikupitia Ikulu.

Ndipo tunarudi kwa wale wanne wa Aprili 1978.

Aliyewapanga alielewa mpira wa hapa. Stempu zilikuwa za nchi tatu, lakini nyuso ni nne, kwa sababu mpira wa Afrika Mashariki haujawahi kuhesabu nchi kama Umoja wa Mataifa unavyohesabu. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 baina ya Kenya na Uganda kwa fedha za mtengenezaji wa sabuni, liliikaribisha Tanganyika kisha Zanzibar, na hao wanne wakachezeana mpaka katikati ya miaka ya 1960. Likageuka Kombe la Chalenji, likawa chini ya CECAFA kuanzia 1973, na Zanzibar ikaendelea kuingia na timu yake licha ya Muungano. Kidevu kwenye stempu ya Tanzania ameandikwa ni wa Zanzibar. Posta haikuwa na stempu za Zanzibar tena, na ilikuwa na mchezaji wa Zanzibar. Watu wa Visiwani wanaojua mpira wataona hapo heshima, na wengine wataona mambo mengine.

Vilabu havikuwekwa, na hilo lilikuwa busara. Miaka ile Kariakoo ilikuwa imegawanyika barabara kwa barabara, Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga. Simba ilichukua ubingwa wa kwanza wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1974. Mwaka uliofuata, Zanzibar, Yanga iliifunga Simba 2-0 kwenye fainali na kulibeba kombe. Weka jezi nyekundu kwenye stempu ya serikali uone nani atainunua Jangwani. Kadenge hakuwa na shida hiyo. Hapa mjini hakuwa wa mtu.

Na kati ya wanne, ndiye aliyefahamika zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Alichezea Abaluhya, klabu ambayo leo ni AFC Leopards, na timu ya Kenya. Umaarufu wake ulikuzwa na sauti ya Leonard Mambo Mbotela kwenye Sauti ya Kenya, aliyekuwa akirudia Kadenge na mpira mpaka maneno hayo yakawa ya watu wote. Hata leo utamsikia mtu asiyemjua Kadenge akiyasema pindi mtu mmoja anapong'ang'ania jambo bila kuwapa wenzake nafasi. Kadenge alifariki Julai 2019, Mbotela Februari 2025. Stempu ya senti hamsini ndiyo picha ambayo wasikilizaji wengi wa redio waliweza kuishika mkononi, na kwa Mtanzania ilikuja kwa jina la nchi yake.

Kuhusu Argentina yenyewe, njia ilikuwa imekwisha kufungwa zamani. Kenya ilitolewa na Misri. Katika mzunguko wa kwanza wa Afrika, Uganda na Tanzania zilipangwa zikutane. Tanzania ikajitoa, mechi haikuchezwa, Uganda ikapita na baadaye ikatolewa na Zambia. Afrika iliwakilishwa na Tunisia, iliyoifunga Mexico 3-1 mjini Rosario tarehe 2 Juni, ushindi wa kwanza wa nchi ya Kiafrika katika Kombe la Dunia. Kwa hiyo Ouma na Chuma, ambao timu zao hazikukutana uwanjani kugombea kombe hilo, walikutana kwenye karatasi ya posta kulisherehekea.

Miezi sita baada ya stempu hizo kutoka, majeshi ya Amin yalivuka na kuikalia ardhi ya Tanzania kaskazini ya Mto Kagera. Tanzania ikaingia vitani, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika muda huo wote stempu za Kombe la Dunia zilikuwa halali. Zilikuwepo za Tanzania zenye uso wa Mganda Polly Ouma, na za Uganda zenye uso wa Mtanzania Mohamed Chuma. Vita vilipokaribia Kampala, Akii-Bua, aliyekuwa afisa wa polisi, alikimbia na familia yake kuingia Kenya, akawekwa kambi ya wakimbizi, kisha kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani Magharibi. Alikufa mwaka 1997. Bayi alipata Olimpiki yake Moscow 1980, si kwa mita 1500 tena bali mita 3000 kuruka viunzi na maji, akarudi na fedha; Suleiman Nyambui akaleta fedha nyingine kwenye mita 5000. Kenya safari hiyo haikwenda, kwani ilikuwa imegoma upande mwingine.

Seti ya 1978 ilikuwa miongoni mwa za mwisho kuchapwa kwa mchoro mmoja na majina matatu. Baada ya hapo kila posta ilikwenda na wachoraji wake, na Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu. Katikati ya miaka ya 1980 kazi ya stempu za kuuzia wakusanyaji wa nje iliingia mikononi mwa wakala wa New York, na tukaanza kuona karatasi zenye jina la Tanzania ambazo Mtanzania hakuwahi kuziona dirishani: Mama wa Malkia wa Uingereza, seti juu ya seti, na wachezaji wa kila Kombe la Dunia. Ni nzuri kwa rangi. Sina hamu nazo. Stempu ambayo haikuwahi kubandikwa kwenye barua ya mtu ni tangazo la biashara lenye meno pembeni.

Hapo ndipo Kariakoo na katikati ya mji wanapoingia kazini. Mzunguko wa barua Dar es Salaam ulikuwa wa masanduku, S.L.P., si wa kupelekewa nyumbani, na masanduku mengi yalikuwa ya biashara: maduka ya vitambaa ya Mtaa wa India, maghala ya Kisutu, wauza vyuma na vipuri wa Kariakoo, wenye wabia na ndugu Mombasa, Nairobi, Kampala na Mwanza. Barua zao ziliwekwa kwenye mafaili na bahasha zake. Mzee akifa, au duka likibomolewa kupisha ghorofa, faili linatolewa. Zamani karatasi ziliuzwa kwa kilo na kuishia kufungia karanga na vitumbua, na hapo zimepotea sura nyingi kuliko zilizowahi kuliwa na mchwa. Siku hizi wauza vitabu vya zamani wa kando ya Samora na Posta ya Zamani wanajua kuzitenga, na wanajua kutaja bei kubwa kwa mtu mwenye kioo cha kukuzia mkononi.

Seti kamili isiyotumika haina tabu. Zilinunuliwa kwa wingi na wakusanyaji wa Ulaya, zikalala kwenye albamu, na ndizo zinazorudi sokoni kwa bei ya soda. Tabu iko kwenye zilizotumika, na zaidi kwenye bahasha nzima ambayo stempu, mhuri na anwani vimebaki pamoja. Ukiiloweka stempu ili uibandue umeharibu ushahidi. Unabaki na uso wa Kadenge bila kujua alisafiri kutoka wapi kwenda wapi. Joto na unyevu wa Dar es Salaam vinafanya gundi ishike karatasi ya albamu, kwa hiyo watu wa hapa wanaozijua huhifadhi bahasha kwenye nailoni laini, zisimame wima, mbali na ukuta wa nje.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: Montreal nne na Argentina nne, mara nchi tatu, ni stempu 24, na juu yake vikaratasi vya ukumbusho vyenye stempu nne nne. Za Kenya zinapatikana mapema, kwa kuwa Nairobi ina wakusanyaji wa siku nyingi. Za Uganda zilizogongwa mhuri nusu ya pili ya 1978 ndizo zinazomfanya mtu asilale, hasa shilingi moja ya Chuma yenye mhuri wa Masaka au Mbarara, miji iliyokuwa njiani mwa vita. Upande wetu, tafuta shilingi tatu ya Ouma iliyogongwa Bukoba kuanzia Oktoba mwaka ule. Ukiiona kwenye bahasha, usiulize bei mbele ya watu.